Ziwa Lililojaa Kitabuni

Mimi nilikuwa afisa wa samaki, na kwetu ni Voi. Chekeni kwanza, kisha tuendelee. Watu wa mtaa wetu walinicheka miaka ishirini na saba, nyinyi ni nani msinicheke? Mji wenyewe mto wake ukikauka hubaki mchanga wa kupakia lori, wanaopita nyuma ya nyumba ni tembo, halafu binti wa Mzee Athumani anatoka asubuhi na buti za mpira na rula mkononi, ati anakwenda kupima samaki. Marehemu mamangu alikuwa na matumaini kwamba nitafungua duka la vitambaa. Akiulizwa binti yako anafanya kazi gani, alijibu "serikalini", akabadilisha mazungumzo.

Haya nawaandikia nyinyi vijana mlioajiriwa juzi, wenye shahada za tabianchi na tableti zisizoingia maji. Nimewaona. Mmependeza, mna fulana zenye maandishi mgongoni. Nawaomba mnisikilize kidogo kabla hamjakwenda kulieleza Ziwa Jipe jinsi linavyojisikia.

Siku hizi kila kitu ni tabianchi. Samaki wakipungua, tabianchi. Afisa akichelewa kazini, tabianchi. Sisemi ni uongo, msije mkaninukuu vibaya. Maji yale nimeyashika kwa mikono yangu hii na najua yalivyokuwa na yalivyo sasa. Ninachosema ni kwamba jambo kubwa namna hiyo linataka mtu mwenye adabu ya kupima, na adabu hiyo haipatikani semina, hata wali uwe mzuri namna gani.

Tuanze na kipimajoto, maana hapo ndipo nami nilipoanzia kuaibika. Wiki yangu ya kwanza nilikitia majini, nikakitoa, nikakiinua juani nione vizuri, nikasoma, nikaandika. Kwa namba niliyoiandika, samaki wa Jipe walikuwa tayari kuliwa na ugali. Bosi wangu wakati huo alikuwa Mzee Mwadime, Mtaita wa Wundanyi, mrefu, mpole, mtu ambaye sikumsikia akicheka kwa sauti hata mara moja. Alisoma kitabu changu, akaniuliza kama nilikumbuka kutia chumvi. Kisha akanipeleka ukingoni akanionyesha. Kipimajoto husomwa kikiwa bado ndani ya maji, kwenye kivuli cha mwili wako, saa ile ile kila siku, kabla jua halijapanda. Ukichelewa kwa sababu ya chai, andika kwamba umechelewa. Maneno hayo ya mwisho aliyasema kwa mkazo, na ndiyo yanayonishangaza mpaka leo nikikumbuka yaliyofuata.

Samaki naye hupimwa amelazwa, kuanzia mdomo mpaka mwisho wa mkia. Halafu mpasue. Ukikuta perege wa ukubwa wa kiganja amebeba mayai, usifurahi ukasema mashallah ana uzazi. Huyo ni mtoto aliyeamua kuzaa mapema kwa sababu ameona maisha hayatamfikisha utu uzima. Maji yakipungua na kupata joto, perege hudumaa hivyo. Tumbo moja la samaki litakwambia mengi kuliko semina tatu.

Na mvuvi usimwulize amepata wangapi. Mvuvi wa Jipe akiulizwa hivyo na mtu mwenye karatasi, leo amepata wachache, jana wachache, na babu yake pia alipata wachache, maana anajua wewe ni mtu wa kodi hata uape vipi. Keti naye. Msaidie kuwatoa samaki wavuni, ukubali kuchomwa miiba ya mapezi. Baada ya nusu saa atayasema mwenyewe, tena mpaka utachoka.

Kisha ikaja enzi ya mabwawa. Wakubwa walituambia ziwa likipungua watu wachimbe mabwawa ya samaki nyumbani, huko ndiko kustahimili. Amri ikashuka, vilimani na bondeni sawasawa. Tukapandisha vifaranga vya perege mpaka Wundanyi, mahali ambapo mimi mwenyewe nililala na soksi. Perege na baridi wapi na wapi? Mwaka mzima hawakuongezeka hata ukucha, na wenye mabwawa, watu wenye akili zao, wakapanda nduma humo. Ripoti yetu ilisema mradi umefaulu. Fomu iliuliza yamechimbwa mabwawa mangapi, samaki haikuwauliza.

Kule Bomeni, kwenye joto, kambale walikua vizuri, tena kupita kiasi. Mkulima mmoja wa ndizi akampeleka jirani yake kwa chifu, akidai ameibiwa samaki wote. Nikaitwa kama mtaalamu. Mtaalamu mwenyewe ndiye aliyemsimamia kuchimba lile bwawa, kingo zake fupi kama za sahani. Mvua ilikuwa imenyesha, kambale wakapanda ukingo, wakafuata mfereji wa ndizi kwa matumbo yao mpaka bwawa la jirani. Chifu alikataa katakata kwamba samaki anaweza kutembea. Ikabidi nimweke kambale mmoja kwenye sakafu ya ofisi yake. Alipokaribia mlango kesi ikafungwa, na mimi nikajifunza kuinua kingo mpaka gotini.

Hayo ni makosa ya kuchekesha, na nayasimulia kwenye harusi. Lililobaki silisimulii kwenye harusi.

Kituo changu kilikuwa Taveta, na Jipe iko wadi ya Mata, mpakani kabisa, ng'ambo ni Tanzania. Pale ufuoni palikuwa na nguzo ya chuma yenye namba ubavuni, imesimikwa majini kwenye kitako cha saruji. Wavuvi waliiita rula ya serikali. Kila Jumatatu afisa huenda akaangalia maji yamefika namba gani, akaandika kwenye kitabu na kwenye fomu, fomu ikapelekwa ofisi ya juu. Ni kazi ya mtoto wa darasa la pili, na labda angepewa yeye isingeharibika.

Mwaka wangu wa tatu kiangazi kilikaza. Jumatatu moja nikaikuta nguzo imesimama kwenye tope, maji yako mbele huko, hatua kama thelathini. Nikaandika kwenye fomu: hakuna maji kwenye nguzo. Baada ya wiki mbili fomu ikarudi na wino mwekundu: jaza namba. Nikajaza sifuri. Ikarudi tena: sifuri haiwezekani, ziwa lipo. Na kweli ziwa lilikuwepo, wakubwa hawakukosea. Nguzo ndiyo iliyokuwa nchi kavu.

Aliyeniokoa ni Mzee Mwadime, na Mungu amrehemu, maana alinifundisha mema mengi na hili moja baya. Alikuja na spana. Tukaifungua nguzo, kitako tukakiacha palepale kwa kuwa tope lilikuwa limeshakimeza. Tukamimina saruji nyingine kwenye ndoo, tukaisimika nguzo mbele, ndani ya maji. Kisha tukaiinua na kuishusha mpaka maji yakagusa namba ile ile ya Jumatatu ya mwisho iliyosomeka.

"Binti," akaniambia huku akifuta mikono, "kitabu hakipendi kuruka."

Nikaona hiyo ndiyo busara yenyewe. Kuandika kwamba tumeihamisha? Fomu haikuwa na nafasi ya kuandika hivyo, na sisi hatukuwa watu wa kuandika pembeni mwa fomu za serikali.

Mzee akastaafu, akaniachia spana. Nikaihamisha nguzo ile mara tatu nyingine kwa mikono yangu mwenyewe, miaka tofauti, kila ilipobaki kwenye tope. Na mvua kubwa zikija maji yakapanda, niliandika yamepanda, tena kwa mwandiko mzuri. Kwa hiyo kitabu changu kilijua kupanda, kushuka hakikufunzwa. Mwenyewe sikuliona hilo. Nilikuwa naona Jumatatu moja moja, na kila Jumatatu ilikuwa sawa.

Basi, miezi miwili kabla sijastaafu, wakaja watu wa tathmini. Kazi yao ilikuwa kupima jinsi mabadiliko ya tabianchi yatakavyouathiri uvuvi wa Jipe, na kushauri nini kifanywe. Aliyewaongoza alikuwa kijana wa Nairobi, Daktari, si wa sindano, wa makaratasi. Alikuwa na adabu, hilo nitamtetea. Lakini dodoso lake, yaa Rabi. Mzee mmoja mvuvi, anayeshona wavu kwa vidole vya miguu, aliulizwa kwa kipimo cha moja mpaka tano ana wasiwasi kiasi gani kuhusu tabianchi. Akauliza tano ni nyingi au kidogo. Akaambiwa ni nyingi. Akauliza kama wa tano ndio wanaopewa chakula cha mchana. Akaandikwa tano.

Aliyeulizwa baada yake ni Mama Mghoi. Huyu ni mama wa Kitaita aliyeolewa pale ufuoni, mumewe ana mtumbwi, yeye anakaanga samaki na kuwauzia wanaokwenda soko la Taveta. Tulijuana tangu tukiwa wasichana wembamba. Sikumbuki niliwahi kufika Jipe nikaondoka bila kula kwake. Alipoulizwa kama maji yamepungua alimtazama Daktari kwa huruma, akasema yamepungua tangu anyonyeshe kifungua mimba. Kijana akamshukuru, akatafuta kwenye tableti sehemu ya kuandika kunyonyesha, akaikosa, akaweka alama kwenye "sijui".

Mwezi mmoja baadaye tukaitwa ukumbini Taveta kusomewa rasimu. Tulikuwa maafisa, wavuvi, akina mama wa samaki, na mandazi. Daktari akawasha mashine, mchoro ukatokea ukutani. Mstari mmoja ulikuwa wa samaki, unashuka kama mtu anayetoka mlimani. Mstari wa pili ulikuwa wa maji. Ulikuwa unapanda.

Nikauangalia ule mstari. Ni mimi yule pale ukutani. Ni Jumatatu zangu zote zimepangwa foleni. Ziwa la pekee Afrika Mashariki nzima linalonenepa kwenye kiangazi, na mnenepeshaji ameketi safu ya pili anatafuna mandazi.

Daktari akaeleza kwa upole. Maji yapo, tena yameongezeka kidogo, kwa hiyo tabianchi bado haijaligusa ziwa hili. Samaki wamepungua kwa sababu wanavuliwa kupita kiasi. Rasimu ilishauri mambo mawili: uvuvi ufungwe miaka miwili, na Jipe iondolewe kwenye orodha ya maziwa yatakayosaidiwa kufyeka matete na kuzibua mkondo wa maji. Alitamka "kufungwa" kama mtu anayefunga dirisha.

Mama Mghoi akasimama. Hakupaza sauti. Alisema yeye mchoro hajui kuusoma, ila ana watoto watatu shuleni kwa samaki hawa, na mumewe hana kazi nyingine aliyowahi kuifanya. Alitaka kujua katika miaka hiyo miwili wale nini, na ni nani huyo aliyemwambia Daktari maji yameongezeka. Daktari akajibu, bila ubaya wowote, kwamba takwimu ni za afisa wao wenyewe, zimeandikwa kila wiki kwa miaka mingi, na ni nadra kupata kitabu kisafi namna ile. Akanipungia mkono wa pongezi. Ukumbi mzima ukageuka kunitazama.

Nataka mjue nilifikiria nini, maana siku moja nanyi mtakaa kwenye kiti kile. Nilifikiria pensheni yangu. Nilifikiria kwamba miezi miwili ni siku chache, nikistaafu nitakuwa Voi, ziwa litafungwa, watu watalia, na hakuna atakayejua. Nilifikiria hata kumsingizia kiboko, kwamba aliigonga nguzo. Nilikaa na mawazo hayo muda wa kumaliza andazi zima, na aibu yake nairudia hapa makusudi. Mama Mghoi alikuwa bado amesimama.

Nikasimama na mimi.

"Daktari," nikasema, "nguzo ile tuliihamisha."

Akauliza tuliihamisha wapi. Nikamwambia tuliifuatisha maji. Akauliza mara ngapi, nikasema nne. Akauliza imeandikwa wapi. Nikasema haikuandikwa popote, na kwamba kila mara tuliirudisha kwenye namba ya zamani ili kitabu kisiruke. Mkubwa wangu, aliyekuwa meza ya mbele, akaanza kuikagua soli ya kiatu chake. Daktari akaizima mashine, akauliza kama kuna anayejua mahali nguzo iliposimama mwanzo kabisa. Kitabu chote cha serikali hakikuwa na jibu.

"Kwangu," akasema Mama Mghoi. "Kitako chake ndicho ninachofungia mbuzi."

Kesho yake tukaenda Jipe, gari mbili. Tulimkuta mbuzi, tukakikuta kitako, katikati ya shamba lake la kunde, nchi kavu kabisa, na ziwa likionekana mbali nyuma ya matete. Kutoka hapo tukatembea kwenda majini tukivitafuta vingine, na wavuvi walivijua vyote. Kimoja watu hukikalia wakishona nyavu, kingine kiko njiani na kila mtu amewahi kujikwaa nacho, cha nne kimezama nusu kwenye tope gumu. Ofisi yetu ilikuwa imeliandika ziwa vibaya kwenye karatasi na kuliandika vizuri ardhini bila kujua. Daktari akatoa chombo chake cha kupimia miinuko, akapima kitako kwa kitako, kila kimoja kiko chini ya mwenzake.

Miaka ndiyo iliyokosekana. Hapo Mama Mghoi akawa ndiye mtaalamu. Pale kwenye kunde, maji yaliondoka akiwa ananyonyesha Mghoi, kifungua mimba wake. Pale pa kushonea nyavu, Mghoi ameanza darasa la kwanza. Pale njiani, mumewe amenunua mtumbwi wa pili, wakauvuta kwenye tope siku nzima kuyafikia maji. Daktari alikuwa anaandika kwa kalamu, tableti ameiweka mfukoni, na akimwita mama kila sentensi. Nilimpenda kwa hilo.

Niwaambie mambo yalivyokwisha, msije mkakosa raha. Ziwa halikufungwa. Ripoti iliandikwa upya, ikasema maji yameshuka na samaki wamedumaa kwa hilo, na Jipe ikarudishwa kwenye orodha ya kusaidiwa. Msaada uko njiani, nami nikiwa mtu niliyefanya kazi serikalini naijua njia hiyo urefu wake. Mimi nilipewa barua ya onyo, wiki tatu kabla ya kustaafu, ikinitaka nisirudie tena. Pensheni yangu haikuguswa. Nyote mnaopima, pembeni mwa fomu kuna nafasi nyeupe, si mali ya serikali, andikeni humo. Fomu ikirudishwa, irudisheni tena na maneno yale yale, mpaka wachoke wao.

Barua ile haikuniumiza kichwa hata siku moja. Kinachoniuma ni hiki, na sijakisema kwa mtu kabla ya leo.

Siku ile ya vitako, tulifika mwisho, kwenye cha nne. Nguzo nilikuwa nimeing'oa hapo miaka michache tu nyuma. Daktari akamgeukia Mama Mghoi kama alivyozoea, akamwuliza hapa maji yaliondoka lini. Safari hii alikitazama kile kitako, kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane aliniita kwa cheo.

"Hapo muulize afisa," akasema. "Mwaka huo mimi na mume wangu tulimwendea ofisini kumwambia maji yanatukimbia. Akatufungulia kitabu, akatuonyesha kwamba yapo. Tukarudi nyumbani tukadhani macho yetu ndiyo mabovu."

Daktari akanigeukia, kalamu mkononi, akisubiri. Nikamwambia ilikuwa Jumatatu, ya pili baada ya Idi, na kwamba tarehe hiyo niliijua muda wote.